Kuzunguka makumbusho na sanaa za Dar es Salaam ukiwa na mjuzi: mwongozo kamili

Wakazi wengi wa Dar wameingia Makumbusho ya Taifa mara moja tu, enzi za shule ya msingi. Walipangwa mstari wakiwa na sare, mwalimu akipiga makofi waharakishe, wakapita mbele ya makabati ya vioo, wakatoka wakikumbuka gari la zamani na soda waliyokunywa getini. Ukimwambia mtu kama huyo arudi, atakuuliza, “Kuna nini kipya mle?” Simlaumu. Fuvu lina kibao cha mistari michache, kigae cha Kilwa kina mistari miwili, na mtu akisoma peke yake hamalizi saa nzima kabla hajaanza kutafuta mlango wa kutokea.

Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye mbele ya kitu kimoja kwa dakika kumi na tano. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpata mtu huyo, namna ya kumtumia vizuri, na njia ya kufuata. Nimeupanga kwa siku mbili: moja ya historia katikati ya jiji, nyingine ya nyumba za asili na sanaa upande wa Kijitonyama, Mwenge, Mikocheni na Oysterbay. Ukiwa na siku moja tu, chukua ya kwanza nzima. Usijaribu kuzibana zote mbili.

Usitafute mjuzi mmoja wa kila kitu

Hapa ndipo watu wanapokosea mapema. Wanamtafuta mtembeza wageni mmoja, wanazunguka naye kutwa, na jioni wamesikia mambo mengi mepesi. Mtu aliyebobea katika malikale hana sababu ya kujua kwa nini mchongaji wa Kimakonde ameacha mguu wa sanamu uwe mnene. Na mchongaji naye usimuulize habari za Wajerumani.

Kwa ndani ya Makumbusho ya Taifa, mtu bora ni wa mle mle: mhifadhi au afisa wa elimu. Nenda mapokezi siku kadhaa kabla, au piga simu, useme unataka kutembezwa na mtu wa idara fulani: historia, akiolojia, au mila na utamaduni. Ukisema tu “naomba mtu wa kunitembeza”, utapewa aliyekuwa na nafasi. Kama ni kikundi cha shule, kanisa, msikiti au ofisi, peleka barua. Barua inafungua milango ambayo simu haiifungui, na mara nyingine ndiyo inayomfanya mhifadhi mwandamizi atoke ofisini kwake.

Kwa mitaa na majengo ya mjini, anzia Old Boma, jengo la kale lililo Sokoine Drive, ambako kuna kituo cha urithi wa majengo kiitwacho DARCH. Watu wake wanaijua historia ya kuta za mji huu kuliko mtu yeyote utakayemkuta barabarani. Njia nyingine, ambayo wengi hawaifikirii, ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale akiolojia inafundishwa tangu miaka ya 1980, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho au wa uzamili ataifanya kazi hii kwa moyo ukimlipa vizuri.

Kwa sanaa, nenda kwa wasanii wenyewe. Sitaki kusikia habari ya mtu wa kati.

Mpime kabla hujamlipa

Mtembeza watalii wa kulipwa anatakiwa kuwa na leseni, na si utovu wa adabu kuomba kuiona. Lakini leseni haikuambii kama anajua. Mimi hupendekeza maswali mawili ya kuuliza kwenye simu, kwa upole, kama vile unajiulizia tu.

La kwanza: “Lile fuvu la Zinjanthropus lina taya la chini?” Anayelijua fuvu hilo la kale la Olduvai atajibu papo hapo kwamba halina, halikupatikana nalo. La pili: “Pale kwenye sanamu ya Askari, kabla yake palikuwa na nini?” Akikwambia palikuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, huyo ndiye. Akibabaika yote mawili, mshukuru na uendelee kutafuta.

Halafu kubalianeni bei mapema, na mkubaliane pia muda, mahali pa kukutania, nani analipa kiingilio chake, na kama chakula cha mchana kimo. Mkimaliza vizuri, ongeza cha asante. Usimbane mtu wa maarifa kwa bei kama unavyombana muuza mitumba, kwa sababu atakachokipunguza ni maelezo, nawe hutajua kilichopunguzwa.

Sasa jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote katika sehemu hii: mwambie azungumze Kiswahili. Waongozaji wengi wana hotuba waliyoikariri kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, yenye vichekesho vyake na mahali pake pa kutua. Hata akikutembeza wewe Mswahili, anaweza kuitafsiri ile ile neno kwa neno. Mkatize mapema kwa swali la nyumbani: “Kwetu hiki tunakiita hivi, nyie huku mnakiitaje?” Akishaacha hotuba na kuanza kupiga soga, ndipo mambo yanapoanza kutoka.

Kundi lisizidi watu wanane. Wakizidi hapo, wa nyuma wanaanza kuangalia simu zao. Kama una mzee nyumbani aliyeishi Kariakoo au Magomeni miaka ya 1950 na 1960, mbebe. Mzee wa namna hiyo humfanya mwongozaji aongee kwa uangalifu, na kuna siku huishia yeye ndiye anayetembeza.

Vitu vya kubeba

Kitambulisho cha NIDA, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na wanafunzi hupunguziwa zaidi wakiwa na kitambulisho cha shule au chuo. Pesa ya kwenye simu, maana taasisi za serikali hupenda malipo ya namba ya kumbukumbu kuliko noti. Maji, kofia, viatu vya kutembelea, kijitabu na kalamu. Simu ya kupigia picha, ila zima mwanga wake ukiwa mbele ya nguo, karatasi za zamani na michoro, kwani mwanga mkali huvipausha. Na nje, ukiwa karibu na bandari, majengo ya serikali au Ikulu, iache simu mfukoni kabisa.

Siku ya kwanza, asubuhi: mjini kwa miguu

Anza saa mbili na nusu, jua halijawa kali. Panda mwendokasi la Kivukoni, ushuke maeneo ya Posta ya Zamani, urudi nyuma kidogo kwa kufuata Sokoine Drive hadi Old Boma. Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba jengo hili ni miongoni mwa machache yaliyobaki ya mji aliouanzisha Sultani Majid bin Said miaka ya 1860. Kabla ya hapo palikuwa na Mzizima, kijiji cha pwani. Majid alifariki 1870, ndugu yake Barghash hakuwa na hamu na mji huu mpya, ukadorora hadi Wajerumani walipofika 1887 na kuufanya makao yao makuu mwaka 1891.

Mwombe mjuzi wako akuonyeshe jinsi majengo ya mwambao yalivyojengwa: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko juu. Ingia chumba chochote chenye dari la boriti uinue macho. Utaona kwa nini vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti wa mkoko. Ukishaliona hilo mara moja, utalitambua pia Bagamoyo, Unguja na Lamu bila kuambiwa.

Endelea na barabara ile ile. Nyumba ya Atiman ipo karibu, nayo ni ya enzi za Majid. Jina lake ni la Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea tiba Malta, kisha akatibu watu Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, hadi alipofariki mwaka 1956. Watu hupita hapo kila siku wakiwahi kivuko, hawajui. Kisha Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Usikae sana hapo, labda kama mjuzi wako ni mtu wa majengo. Mbele yako kuna kitu kinachostahili muda zaidi.

Panda na Azikiwe hadi makutano na Samora. Pale kwenye mzunguko, magari yakizunguka pande zote, amesimama yule Askari wa shaba. Tafuteni kivuli upande wa pili wa barabara, mjuzi aanze.

Sanamu hii ilichongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson na kusimikwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 upande huu wa Afrika. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha hapa Hermann von Wissmann, mtu aliyekuja kuuzima upinzani wa Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Katika sanamu ile ya Kijerumani, Wissmann alikuwa juu, ametulia, na chini yake alikuwepo askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua shingo. Waingereza walipouchukua mji waliing'oa, ikapelekwa London, baadaye ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968.

Sasa mtazame huyu wa leo. Hana bwana juu yake. Yuko peke yake, ameinama kidogo mbele, singe imeelekea bandarini. Ndiyo, amewekwa na mkoloni mwingine, na maneno ya Kiingereza ya kibao yaliandikwa na Rudyard Kipling, mshairi wa dola ya Kiingereza, ambaye hakuna anayeweza kumwita rafiki wa uhuru wetu. Lakini askari yule yule aliyekuwa chini sasa yuko juu, na sidhani kama kuna mahali pengine mjini ambapo unaweza kuona mabadiliko ya namna hiyo kwa macho yako.

Kabla hamjaondoka, ombeni kusoma maandishi, yapo na ya Kiswahili. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Muulize mjuzi: wapagazi walikuwa wangapi ukilinganisha na askari, na waliuawa zaidi na nini? Atakupeleka kwenye habari za njaa, kuhara na malaria, mbali kabisa na habari za majenerali. Hilo ndilo swali la kuuliza hapo, kuliko kuuliza uzito wa sanamu.

Fuata Samora kuelekea Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893. Pumzikeni chini ya miti, kunyweni maji, na mwacheni mjuzi wa mjini aende zake. Makumbusho yako hatua chache tu, Mtaa wa Shaaban Robert, na humo ndani mhifadhi wenu anawasubiri.

Mchana: Makumbusho ya Taifa

Wengi hufanya kinyume: asubuhi ndani, mchana juani. Geuza. Saa ya jua kali ndiyo saa ya kuwa ndani.

Jengo la kwanza lilifunguliwa kwa umma 1940, likiwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Baada ya uhuru likaongezwa, na baadaye likazaliwa hili la Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Mwambie mhifadhi mapema kwamba hutaki kuona kila kitu. Chagua vitu vinne au vitano. Mimi ningeanza na hivi.

Fuvu la Zinjanthropus. Lilipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Siku hiyo Louis Leakey alikuwa kambini anaumwa, mkewe Mary akatoka na mbwa wao, akaona mfupa na meno vikichungulia kwenye mteremko. Lilikuwa vipande vipande, wakaliunganisha kwa subira ya miezi. Baada ya kukaa nje ya nchi kwa miaka kadhaa, lilikabidhiwa Tanzania mwaka 1965. Swali la kwanza kwa mhifadhi liwe hili: “Hili ninaloliangalia ni lenyewe au nakala?” Si swali la dharau. Litamfanya akueleze jinsi kitu cha thamani kama hicho kinavyotunzwa, na nani anaruhusiwa kukigusa.

Kisha inama usawa wa kioo. Juu kabisa ya fuvu, katikati, utaona ukingo wa mfupa umesimama kama mshono. Pale ndipo misuli ya kutafunia ilipojishikiza. Gusa kichwa chako mwenyewe pembeni, juu ya sikio, utafune hewa: misuli yako inaishia hapo. Ya huyu mwenzetu ilipanda hadi utosini. Shuka chini utazame magego: mapana, bapa, makubwa kuliko kitu chochote ulicho nacho mdomoni, na meno ya mbele ni madogo hata yanashangaza. Niliwahi kumkuta mwongozaji mmoja amewaambia watoto wapanue midomo wahesabiane magego, halafu warudi kwenye kioo. Hakuna hotuba iliyowahi kufanya kazi hiyo.

Kwa sababu ya meno hayo, walimpa jina la utani la mpasua njugu. Lakini uchunguzi wa kemia ya meno uliofanywa miaka ya karibuni umeonyesha alikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Muulize mhifadhi kuhusu hili. Na akikwambia, “Huyu ni babu yetu,” muulize tena. Aliishi miaka kama milioni 1.75 iliyopita, wataalamu sasa humwita Paranthropus boisei, na ukoo wake ulikatika. Kwetu ni kama ndugu wa upande wa pili, ambaye hakuacha mtoto. Mhifadhi mzuri atafurahi umemrekebisha njia. Asiyejua atabadili mada.

Hapo hapo omba akusimulie nyayo za Laetoli, zilizopatikana 1978: viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zenyewe zimefukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo popote unapoziona ni nakala.

Kilwa. Usipite haraka kwa sababu tu ni vigae. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ilipitia hapo, vyombo vya China vikaletwa, na masultani wakafyatua sarafu zao za shaba. Hizo sarafu ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Ni ndogo, ndogo kuliko ya shilingi hamsini, zimechakaa. Mwombe mhifadhi akusomee maandishi ya pande zote mbili: upande mmoja ni jina la sultani, upande wa pili ni maneno ya kumtegemea Mungu, na mistari hiyo miwili ina vina. Watu walikuwa wanalipia samaki kwa beti. Sarafu chache za Kilwa zimeokotwa hadi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia, na jinsi zilivyofika huko bado wataalamu wanabishana; mwulize wako yuko upande gani.

Wakati wa Wajerumani na Majimaji. Vita ilianza Umatumbi Julai 1905, chanzo kikubwa kikiwa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti mwaka huo huo, mwanzoni kabisa, lakini vita ikaendelea hadi 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, hukadiriwa na baadhi ya wanahistoria kufika 300,000. Hapa kaa kimya, mwachie mtaalamu. Ikiwa kwenu ni Ruvuma, Lindi au Mtwara, mwambie. Atakuwa na la kusema kuhusu jina la ukoo wako, au wewe utakuwa na la kumwambia.

Magari. Kuna Rolls-Royce iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza, na magari ya Mwalimu. Watoto watayapenda, piga picha, endelea. Uani pia kuna kumbukumbu ya waliouawa katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998.

Ulizia pia visivyokuwepo

Kabla hujaaga, muulize mhifadhi swali ambalo wageni hawaliulizi: “Ni nini cha kwetu ambacho hakimo humu?” Ukiwa na bahati, utapata nusu saa bora ya siku nzima.

Atakutajia dinosaria wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa huko Lindi, wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandarini, zaidi ya tani 200. Dinosaria mmoja leo amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na watu husafiri kutoka mbali kumwona. Waliombeba hawana hata kibao cha majina.

Atakutajia pia mafuvu. La Mkwawa, aliyejiua 1898 ili asikamatwe, lilirudishwa 1954, na liko Kalenga, Iringa. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa mwaka 1900, na wajukuu wake wametumia miaka mingi kulitafuta fuvu lake Ujerumani. Songea Mbano naye, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa 1906, anatafutwa na familia yake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea, akaomba radhi. Muulize mhifadhi: mafuvu hayo yakirudi, yatakaa wapi? Kwenye kabati, au kaburini? Hili si la kujibiwa na makumbusho peke yake, na mhifadhi mwenye akili atakwambia hivyo.

Siku ya pili: nyumba, miti na rangi

Asubuhi panda daladala la kwenda Makumbusho. Kituo hicho kimepewa jina la Kijiji cha Makumbusho, kilichopo kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960. Ni nyumba za makabila mbalimbali, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyinginezo zaidi ya kumi. Mwishoni mwa wiki huwa kuna ngoma.

Usizunguke zote. Ingia mbili ukae ndani. Chagua msonge na tembe, kwa kuwa zimetofautiana kama mvua na kiangazi. Msonge wa Bukoba unatiririsha maji kuanzia kileleni hadi chini, nyasi zimefika ardhini. Tembe la Dodoma lina paa bapa la udongo, kwa sababu mvua ni ya kuhesabu, na juu yake mtu anaanika nafaka. Ndani ya msonge, mwambie mjuzi akuonyeshe alipolala nani, ng'ombe walikaa wapi, na moshi ulitokea wapi. Atakwambia moshi haukuwa kero tu: uliwafukuza wadudu wanaokula nyasi za paa.

Na mbane kidogo. Nani aliijenga nyumba hii? Imeezekwa upya lini, na nyasi zimetoka wapi? Watu wa huko bado wanajenga hivi? Maonyesho ya namna hii yana hatari ya kuwafanya Wagogo waonekane kama watu wa zamani, wakati fundi aliyekuja kukarabati tembe huenda ana nyumba ya bati na anakatana bei kwa WhatsApp.

Kutoka hapo si mbali na Mwenge, kwenye vinyago. Hapa mjuzi wako awe mchongaji. Tafuta anayechonga pale pale, mwenye machicha ya mti miguuni, si aliyekaa tu kwenye banda la kuuzia. Muulize tofauti ya ujamaa na shetani. Ujamaa ni ule mnara wa watu waliopandana, kila mmoja anamshikilia mwenzake, umetoka katika gogo moja. Shetani ni ile mitindo ya viumbe waliopinda, jicho moja, mkono umetoka tumboni. Uchongaji wa namna hii ulianza kushika kasi miaka ya 1950 kwa wachongaji wa Kimakonde waliotoka Msumbiji. Mwombe akuonyeshe kinyago ambacho hajakimaliza. Kwenye kinyago kilichokwisha utaona ufundi tu, lakini kwenye ambacho hakijaisha utaona jinsi anavyofikiri, kipi alianza nacho na wapi mti ulimkatalia.

Oysterbay, Morogoro Stores, ndiko kwa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora 1968 kwa rangi za mafuta za baiskeli kwenye vipande vya ubao wa dari. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa bado kijana. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Aliowafundisha waliendelea, na ushirika wao ulisajiliwa 1990. Mchoraji wa pale akikueleza, angalia mambo mawili: anavyoanza na rangi ya nyuma na kuiacha ikauke, na anavyoweka vidoadoa mwishoni. Muulize nani alimfundisha, na nani alimfundisha huyo. Mkirudi nyuma majina matatu au manne, mtakuwa mmefika kwa Tingatinga mwenyewe.

Jioni malizia Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza 2008. Studio zake zimetengenezwa kwa makontena ya meli. Humo utawakuta wanaofanya sanaa ya leo, na wengi wao hawachori twiga. Usiwaulize “hii maana yake nini”. Waulize wamekwama wapi.

Ukibakiwa na nusu siku, nyumba ya Mwalimu Nyerere iko Magomeni, ile aliyoijenga enzi za TANU. Ni ndogo, na udogo wake ndio wa kutazama.

Ukitaka kununua

Kinyago cha mpingo kipime mkononi: kiwe kizito kuliko unavyotarajia. Mpingo halisi huzama majini, na mara nyingi huwa na ukanda wa rangi ya krimu pale gome lilipokuwa karibu. Wapo wanaopaka kiwi mti mwepesi, kwa hiyo sugua sehemu ya chini kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikitoka cheusi, rudisha kinyago taratibu. Mchoro nunua kwa aliyeuchora, uone sahihi yake, na umwombe aandike nyuma jina lake na mwaka. Usikunje mchoro uliochorwa kwenye turubai kabla rangi haijakauka vizuri. Uviringishe, upande wa rangi ukiwa nje, ndani ya bomba la plastiki ambalo fundi bomba yeyote atakukatia.

Ukitembezewa sarafu ya kale, kigae au mlango wa zamani mtaani, achana navyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Kwa kinyago kipya cha mpingo unachotaka kumpelekea ndugu aliye Muscat au London, mwombe mchongaji risiti yenye jina la kitu, aina ya mti na tarehe. Uwanja wa ndege wataiulizia.